Kipimajoto cha Barazani

Shemeji yangu alipewa kazi moja tu maishani: atoke ofisini, avuke uwanja, asome kipimajoto, arudi. Hata hiyo ilimshinda.

Mjini wanamwita Bwana Digrii, jina alilojipa mwenyewe likamkaa. Mdogo wangu alimpendea shati lililopigwa pasi na kule kusema "sisi wa serikalini". Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani, kila jua lilipomfikia alisogeza kiti, mpaka akajikuta kajibanza nyuma ya mlango. Mimi ni mkunga, nimeona wanaume wa kila aina wakisubiri nje ya wodi. Nilijua pale pale kwamba tumepatikana.

Kituo chake cha hali ya hewa ni chumba kimoja na uwanja wa majani. Katikati ya uwanja palikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kimeinuliwa kwa miguu, na kipimajoto ndani. Waliokiweka pale hawakuwa wajinga. Kilitakiwa kikae peupe, mbali na kuta na miti, kipime hewa ile ile tunayoivuta sisi wengine.

Mji ukaanza kupata joto. Visima vikawa vinakauka mapema kuliko zamani, na bati halishikiki hata jua likizama. Bwana Digrii akaona uwanja umekuwa mrefu. Kwanza alikisogeza kibanda karibu na mti wa pembeni. Miaka ikapita, joto likazidi, akakiingiza chini ya mti kabisa. Mwisho akakipandisha kwenye baraza la ofisi, ubavuni mwa tangi la maji linalovuja, ili asome akiwa kitini na kikombe chake mkononi. Mdogo wangu alipomuuliza, alisema kifaa cha serikali hakifai kuunguzwa na jua. Yaani huruma yote aliyonayo aliipa kipimajoto.

Basi kadiri tulivyozidi kuungua, ndivyo vipimo vyake vilivyozidi kupoa. Wakubwa wake wakapendezwa na mji wenye hewa nzuri, wakampa cheti cha utumishi uliotukuka, karatasi ngumu yenye nembo ya dhahabu. Akawa anatembea nacho kwapani hata akienda kununua sukari.

Mimi nilitaka dari na feni. Wodi yetu ya wazazi ni bati tupu, na akina mama hujifungua humo mpaka shuka linakamulika jasho. Nimeomba miaka nenda rudi. Safari hii akaja afisa, kijana mpole, akanieleza kwa adabu kwamba feni zinapelekwa kwenye miji inayopata joto, na wetu unapoa. Nilimwingiza wodini asimame kidogo. Alijipangusa uso, akasema ofisi inafuata vipimo.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi barazani kwa shemeji. Nilimweleza yote mbele ya mke wake, aliyekuwa amemletea chai, nikamwomba akirudishe kibanda uwanjani. Alikunywa chai kwanza. Kisha akasema kikirudi, joto litaruka ghafla, na wakubwa watauliza siku zote lilikuwa wapi.

"Wewe zalisha, shemeji," akamalizia. "Joto niachie mimi."

Haukupita muda binti yake akashikwa na uchungu, mchana wa jua kali. Nimemlea yule mtoto, ananiita mama mkubwa. Alizaa salama, kisha macho yakageuka, akazimia kwa joto mikononi mwangu. Mdogo wangu akakimbilia ndoo ya maji. Nikamwita baba mtu aingie ampepee. Hakuwa na kitu mkononi ila kile cheti, akapepea nacho, shati limemganda mgongoni. Halafu, kwa sauti kama ya mkubwa aliyekuja kukagua, akauliza kwa nini wodi hii haina feni.



"Pepea, shemeji," nikamwambia. "Si ulisema joto tukuachie wewe?"

Alipepea mpaka binti akafumbua macho na kumwulizia mtoto wake.

Kesho yake nilipita kituoni makusudi. Kibanda kilikuwa pale pale barazani. Kando yake alikuwa amekianika cheti kivulini, kikauke jasho.