Debe la Petroli Mbele ya Mkwe

Harufu ya petroli ikikutana na harufu ya sufu inayoungua, hata leo nikiwa bibi wa wajukuu, hunisimamisha wima. Juzi mjukuu wangu alikuwa uani akibadilisha pampu ya petroli ya gari lake. Kitambaa cha kufutia mikono alikitupa karibu na jiko langu la mkaa, na pembeni palikuwa na blanketi. Nilimfokea kwa maneno ambayo sikujua kama bado ninayo kinywani. Kijana akabaki ameduwaa, ameshika spana. "Bibi, kwani kosa langu nini?" Nilishindwa kumjibu palepale, basi nawasimulia ninyi, na yeye akitaka atasoma.

Nilikuwa mtoto katika miaka ya hamsini. Tulikaa Ilomba, enzi hizo ikiwa mashamba ya mahindi na viazi na nyumba za kuhesabika, na Mbeya mjini ni mahali pa kwenda kwa miguu. Baba yangu, Ambakisye, alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita. Alirudi na koti zito, sanduku la spana, na tabia ya kuikaripia injini kama koplo anavyomkaripia kuruta. Alijenga kibanda cha miti na mabati nyuma ya nyumba, na humo ndimo alimotengeneza magari.

Gari la habari hii lilikuwa la mbio, la kabla ya vita, la viti viwili, kijani, lenye pua ndefu kuliko ilivyohitajika. Mwenyewe alikuwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Mbozi. Watu walimwita Bwana Mbio, na alikuwa na mbio katika kila kitu, hasa katika kupiga. Alimpiga mpishi, alimpiga mbwa, na hilo gari likizima alilipiga mateke kwenye taa.

Siku moja lilimzimikia kwenye Mlima Nyoka, baba akiwa ameketi pembeni yake kusikiliza injini. Mama na mimi tulikuwa tunarudi na wanawake wengine kutoka kuuza viazi, tukashuhudia yote. Baba alimwambia kwa upole kwamba gari lina kiu ingawa tangi limejaa. Njia ya petroli imeziba, lisipigwe starti tena. Bwana Mbio alichomoa kiboko chake cha ngozi ya kifaru nyuma ya kiti. Alimchapa baba mgongoni, halafu shingoni, halafu popote, mpaka shati likafunguka kama limekatwa kwa mkasi. Baba alisimama ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Wanawake walitazama chini. Mimi nilitazama, kwa sababu hakuna aliyenikataza, na nilimchukia yule mtu kwa chuki ya mtoto, ambayo haina hata doa la huruma.

Kisha akamwambia baba kwamba Jumamosi kuna mashindano ya magari Iringa, vipuri vimekwisha kufika kutoka Ulaya, na gari lisipopanda mlima huu bila kukohoa, atamtafutia gereza.

Vipuri vilikuwa ndani ya sanduku la mbao, vimefungwa kwa karatasi ya mafuta: pampu mpya, chujio, mabomba ya shaba yaliyokunjwa kama utumbo wa kuku, na sindano nyembamba za kabureta ambazo baba hakuniruhusu hata kuzipumulia. Lakini tangi lenyewe halikuwa na jipya. Lilikuwa limeota kutu ndani na linavuja kwenye mshono. Baba alieleza kazi kwa mama kama anavyoeleza mtu anayetaka kujituliza: petroli itolewe yote, tangi lioshwe kwa maji ya moto, lijazwe maji hadi karibu na mshono ili mvuke usipate nafasi, ndipo awashe jiko, apashe chuma na kulehemu. "Petroli haizoeleki," alisema. Alikuwa anasema hivyo kila siku, kama wengine wanavyosali.

Mama ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Vijana wa mtaani walikuwa wamekataa kugusa gari la Bwana Mbio, na mimi sikuweza kunyanyua debe.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mwanamke na baba wa mume wake hawaonani uso kwa uso. Mwanamke akisikia mkwe anakuja, anajificha. Hana pa kujificha, anajifunika kichwa na kugeuka. Jina lake halitaji. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Mchungaji alihubiri kulipinga jambo hili mpaka akapata mafua, na mama alibatizwa na alijua nyimbo zote, lakini habari ya mkwe hakuichezea. Na mkwe naye ana wajibu wake: akikaribia nyumba ya mwanawe, anakohoa tangu mbali ili mwanamke apate kupisha. Babu alikaa chini kidogo ya kwetu. Kikohozi chake tulikijua vizuri kuliko kengele ya kanisa, na mama alipokisikia aliacha hata ugali ukiungua akapotelea kwenye migomba. Nilikuwa nacheka sana. Msinicheke na ninyi.

Siku ile babu hakukohoa.

Alikuwa amesikia jinsi mwanawe alivyochapwa hadharani, na asubuhi ile akasikia kwamba mwanawe huyohuyo yuko uvunguni mwa gari la mtu aliyemchapa. Mzee hakulala na hasira, aliamka nayo. Alijitanda blanketi lake jekundu la sufu, akachukua shoka, akapanda kilima kimya ili asizuiwe. Alikusudia kulikatakata lile gari.

Baba alikuwa kibandani ameinama juu ya tangi lililojaa maji. Jiko la mkaa lilikuwa nje, upande wa chini, linapepewa na upepo wa Juni. Mama alikuwa anaondoa debe la mwisho la petroli kwenda kulificha mbali, amelishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Mimi nilikaa juu ya kisiki nikila kiazi. Mama akazunguka pembe ya nyumba, na pale penye pembe akakutana na babu kifua kwa kifua.

Mtu mwingine angeweka debe chini. Mama alifanya kile ambacho mwili wake ulifundishwa tangu alipoolewa: mikono ilipanda juu kufunika uso. Debe likaanguka kwenye miguu ya mzee, petroli ikamrukia mpaka kiunoni, na iliyobaki ikatiririka kushuka njia. Mama alikuwa ameshageuka, anakimbia, hakuona inakoelekea. Mimi niliona. Ilikuwa inaelekea kwenye jiko. Nilifungua mdomo, na kiazi kikiwa ndani sauti haikutoka.

Moto haukutambaa. Ulipanda ile njia mara moja kwa mvumo, na babu akawa ndani yake.

Alipiga kelele ambayo sijasikia mtu mzima akiipiga tena. Alizunguka, akatupa shoka, akijipiga mapaja, na blanketi likawaka kuanzia chini kwenda juu. Baba alitoka mbio kibandani. Akatazama huku, akatazama kule. Ndimi za moto zilikuwa zimefika kwenye gurudumu la nyuma la gari, lililosimama kando ya kibanda. Baba akakimbilia gari. Nasema kama nilivyoona. Aliweka bega, akalisukuma huku akilia, "Nitafungwa! Nitafungwa!"

Mama ndiye aliyerudi. Alivua kaniki yake akiwa anakimbia, akabaki na shimizi, akamrukia babu kwa mwili wote. Walianguka pamoja. Alimviringisha kwenye mfereji wa matope unaopita kwenye migomba, akimkandamiza, akimpaka tope usoni, kifuani, miguuni, kama anayesiliba ukuta. Nywele zake mwenyewe ziliungua upande mmoja, na mkono mmoja pia. Moto ulipokufa, mama alibaki amekaa mferejini, na kichwa cha babu mapajani mwake, na midomo ya mzee ilikuwa inasema maneno ambayo mimi kutoka kwenye kisiki sikuyasikia.

Majirani walifika. Baba alifika wa mwisho, uso umejaa masizi. Aliona mke wake na shimizi iliyolowa, amemkumbatia baba yake mbele za watu, na kitu kikamkatika kichwani.

"Umemshika tata!" alipaza sauti. "Umemgusa baba yangu! Unataka kutumaliza?"

Alimvuta kwa nywele zile zilizosalia na kumpiga ngumi. Alimpiga mdomoni, akampiga sikioni, akamkanyaga mkono uleule ulioungua. Sijawahi kumwona akimpiga kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilikimbia nikamng'ata mguu mpaka nikaonja damu, akanitupa kando bila kuniangalia. Wanaume wanne walimshika ndipo akaacha. Miaka mingi nilijiuliza hasira ile ilitoka wapi, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kwamba alikuwa anampiga yule aliyemwona akikimbilia gari badala ya baba yake. Sijamsamehe kwa kuelewa huko. Nimeelewa tu.

Babu alibebwa kwa machela kwenda hospitali. Na jioni ileile ndugu za baba walimrudisha mama kwao, Rungwe, akiwa na jino moja pungufu na mkono umefungwa kwa jani la mgomba. Walisema amevunja mwiko mbele ya mashahidi. Wazee wakikaa, huenda ndoa ikavunjwa na ng'ombe wa mahari wakarudishwa. Nilimshika gauni la kuazima alilovaa. Shangazi alinibandua vidole kimoja kimoja. Nilielewa kwamba ng'ombe wakirudi huku, mama harudi, nikaanza kuwachukia hata ng'ombe.

Bwana Mbio alipokuja kesho yake na kuona rangi imefura upande wa nyuma wa gari, alimchapa baba usoni mara ya kwanza, na mara ya pili jicho likafumba. Baba alimaliza kazi na jicho moja. Alilehemu, akafunga tangi, akaunganisha mabomba, akaweka pampu na sindano, akatia petroli, na gari liliponguruma lilitikisa mabati ya kibanda. Walipanda Mlima Nyoka bila kukohoa, wakaenda Iringa. Kule Bwana Mbio alilitumbukiza korongoni kwenye kona ya kwanza, akavunjika taya. Nasikitika kusema nilifurahi. Baba alirudi kwa lori la nyanya.

Wazee walikaa babu alipoweza kulala chali bila kupiga kelele. Walimleta mama, wakamketisha nyuma ya ukuta wa matete, ili asionekane. Mimi nilipenya nikakaa naye upande ule, nimemshika kidole cha mkono mzima.

Mjomba wa baba ndiye aliyeuliza maswali. "Huyu mwanamke alikugusa?"

"Alinigusa," alisema babu. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Alikuona?"

"Aliniona."

Watu waliguna. Kidole cha mama kilikuwa baridi. Kupitia upenyo wa matete nilimwona baba ameinama akichora ardhini kwa kijiti.

"Sasa wewe mzee unasemaje?"

"Mimi nilikuja bila kukohoa," alisema babu. "Nimekuja na shoka nyumbani kwa mwanangu kama mwizi. Ningekohoa, debe lingekuwa mbali na mimi ningekuwa na ngozi yangu. Kama kuna mtu wa kutozwa, ni mimi. Na huyo," akamwonyesha baba kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imefungwa, "akimpiga tena nitamlaani kwa sauti hii mbovu."

Babu alitoa ng'ombe kwa ajili ya mama, na wazee wakatangaza kwamba kwa ng'ombe huyo kuogopana kumekwisha; tangu siku ile mama anaweza kusimama mbele ya mkwe wake, kumsalimia, hata kumpelekea chakula mkononi. Nilirudi nyumbani nimebebwa mgongoni mwa mama, mimi msichana mkubwa, na hakuna aliyethubutu kunicheka.

Lakini mama hakubadilika. Babu alipona, akawa anakaa mlangoni kwake juani, mapaja yakiwa na makovu yanayong'aa, na njia ya kisimani ilipita hapohapo mbele yake. Mama aliikwepa. Alizunguka na mtungi kichwani kupitia shamba la viazi, kwenye tope la mpaka vifundoni, mvua ikinyesha. Nilimwambia, "Mama, si ng'ombe ametolewa? Pita hapa." Akaniambia ninyamaze, nitazame ninapokanyaga. Nikasema moyoni kwamba mama yangu ni mwoga.

Nilikuja kumuuliza tena nikiwa nimeshazaa, babu akiwa ameshazikwa zamani, tunapukuchua maharage wawili. Alicheka kidogo, akificha pengo kwa kiganja.

"Siku ile mferejini alinililia," alisema. "Alinishika shingo akaniita mama. Akasema, mama usiniache. Mzee yule, mwanangu, aliyekuwa akikohoa watu wanaacha njia. Kama ningekuwa nasimama mbele yake kila asubuhi, angekuwa analikumbuka jambo hilo kila asubuhi."

Akaendelea kupukuchua. Nami nikamwona upya, amelowa, anapita mbali na mtungi wake, na babu mlangoni amegeuza uso upande wa pili akimsubiri apite. Miaka yote ile nilidhani anamkimbia. Kumbe alikuwa anamsitiri.