Mguu wa Saba wa Kushoto

Kuna mguu ulioninyima raha miezi mitano. Mwembamba kuliko unywele, na wala haukuwa wangu.

Dada yangu alikuwa mtafiti wa viumbe vya baharini. Mimi naosha chupa na kuongeza spiriti kwenye maabara hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi.

Siku moja meli ya utafiti ikaleta kinyama kutoka kilindini, kusikofika jua. Cheupe, saizi ya punje ya mchele, jamaa wa kamba na kaa. Kimoja tu.

Dada akainua jicho kwenye hadubini. "Huyu hajaandikwa popote duniani."

Yaani yeye ndiye angekieleza kwa mara ya kwanza, kiungo kwa kiungo. Alikuwa kama mtoto wa sikukuu.

Kesho yake nikakihamisha chupa kwa kibanio. Mkono ukateleza.

Tik!

Mguu mmoja, wa kushoto.

Nikautia kwenye kichupa, nikakificha nyuma ya madumu ya spiriti. Nikala jiwe, sikumwambia mtu.

"Mdogo wangu," dada akaniuliza, "kulia saba, kushoto sita. Alikuja hivi?"

"Hivyo hivyo, dada."

Akanitazama kidogo. "Haya. Kumbe hata kilindini kuna vilema!"

Akacheka. Mimi nikatoa meno tu.

Miezi minne baadaye tulimzika dada. Kifua. Hata wiki hakuugua.

Mwezi uliofuata profesa wake akaniita.

"Pole tena, mwanangu. Maandishi yake ninayo, lakini sehemu ya miguu ameiacha wazi. Nimehesabu mwenyewe, kushoto ni sita, nitaandika sita. Michoro iko nyumbani kwenu. Niletee, kazi yake ichapishwe."

Bahasha ya michoro sikuwa nimeigusa tangu msiba. Nikaibeba hivyo hivyo, imefungwa.

Nikinyamaza, uongo wangu unachapishwa kwa jina la marehemu. Nikisema, kazi kwaheri.

"Profesa, ni saba. Mmoja niliuvunja mimi."

Akavua miwani. "Unasemaje?"

"Nilimdanganya dada. Mpaka anaingia kaburini."

Akachana bahasha, akatoa mchoro, akautazama weee. Kisha akaugeuza upande wangu.

Kushoto, miguu saba. Sita kwa mstari wa wino. Mmoja kwa nukta nukta.

"Sisi tukichora kwa nukta," akasema taratibu, "maana yake kiungo kilikuwepo, kikavunjika. Soma pembeni."

Mwandiko wa dada, kwa penseli:

"Mguu upo, nyuma ya madumu ya spiriti. Mdogo wangu atauleta mwenyewe. Asiharakishwe."

Nililia mpaka profesa akausogeza mchoro usilowe.

Kazi ninayo bado. Kichupa kile kiko kabatini, kando ya chupa ya kinyama chenyewe.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unamficha kosa, mwambie angali anasikia. Huenda anajua zamani, anakungoja tu. Wangu aliningoja miezi minne, na mimi kila siku nilikuwa namwamkia na kupita.