Pua ya Mhubiri

Huyu anayetuhubiria tuache pombe hapa sokoni Kikula ndiye aliyekuwa akituuzia lutuku, ile pombe kali ya mahindi, kabla hajaokoka. Tangu mishahara ya mgodini ilipokatika, wasikilizaji hawakosekani. Sauti ni ya kanisani, lakini mikono imebaki ya muuzaji: hata chupa ya mayi, yaani maji ya kunywa, huitikisa kwanza, akatazama povu kama anayepima ukali wa pombe. Jumapili moja Mama Sylvie, muuzaji mwenzake wa zamani, alitubu akilia, akampa chupa yake ya lutuku aimwage. Mhubiri akaifungua, akainusa, akafura kwa hasira: “Mama! Humu mulitia mayi?” Siku hizi walevi ndio wanaowahi benchi za mbele, kila mmoja na chupa yake, wakingoja inuswe.