Folio ya Saba ya Jalada la Baba

Siku yangu ya kwanza katika masijala ya boma la Tabora, Karani Mkuu hakuniuliza nilikotoka. Alinikabidhi kalamu ya wino mwekundu, akaanza kunifunza kazi. Masijala ni chumba yanamotunzwa majalada ya serikali. Kila barua iingiayo jaladani hupewa namba, nasi huiita folio. Folio haitolewi bila dokezo, yaani maandishi mafupi ya karani yanayoeleza imetolewa lini na kwa amri ya nani. “Bwana mdogo,” aliniambia, “mzungu atahamishwa, mimi nitakufa. Dokezo litabaki.”

Naandika haya kwa sababu vijana wanasimuliwa kwamba baba yangu, mwanzilishi wa kanisa letu la Ipuli, alifukuzwa misheni kwa utovu wa nidhamu. Huo ni uongo, na ushahidi niliushika kwa mikono yangu.

Baba, mtoto wa pagazi aliyebeba pembe hadi pwani, alikuwa mwalimu wa dini wa misheni moja kando ya njia ya zamani ya misafara. Alipoagizwa awazuie wake wa pili na watoto wao kuingia ibadani, aliandika barua ya kuacha kazi: “Mlinituma niwaite watu. Waliokuja siwezi kuwarudishia mlangoni.” Akaanza kusali nao chini ya paa la nyasi. Alipoomba kibali cha kujenga kanisa, aliambatanisha nakala ya barua hiyo. Ikawa folio ya saba katika jalada lililokuwa kabatini mwangu.

Misheni nayo ilileta barua ikidai kwamba ilimfukuza. Kwa kuwa barua hizo zilipingana, Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alichagua njia fupi. Aliniagiza niitoe folio ya saba, nizipange upya namba zilizofuata, kisha nimwandikie mwombaji kwamba mtu aliyefukuzwa hapewi kibali.

“Najua ni baba yako,” alisema. “Ndiyo maana nakupa wewe kazi hii. Nataka nione wewe ni karani wa nani.”

“Wa masijala, bwana.”

Jioni nilimweleza Baba. Nilitazamia aniombee, badala yake alinicheka, akauliza tangu lini karani wa boma akahitaji mchungaji wa kumsomea kanuni za ofisi yake. Kisha akaacha kucheka. “Usimdanganye mtu kwa ajili yangu, mwanangu. Hata yule mzungu.”

Asubuhi niliitoa folio ya saba kama nilivyoamriwa. Namba sikuzigusa. Katika karatasi ya madokezo niliandika kwa hati safi: “Folio 7, barua ya mwombaji ya kuacha kazi, imetolewa leo kwa amri ya Bwana Shauri. Imehifadhiwa sefuni.” Nikatia sahihi.

Baba aliponyimwa kibali, alikata rufaa kwa Mkuu wa Jimbo, na jalada likapelekwa kwake. Alikuwa mtu mkavu asiyetupenda hata kidogo, lakini kusoma jalada alijua. Aliliona dokezo, akaagiza folio ya saba iletwe mezani kwake. Kibali kikatoka. Nami nikatolewa Tabora, nikahamishiwa Nzega, kwenye masijala ya kabati moja na mchwa wengi. Karani Mkuu alinisindikiza hadi kwenye lori, akaniambia nimejiharibia cheo. Hakukosea: sikupandishwa tena hadi bendera yao iliposhushwa. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Sasa nimestaafu, na ubishi umehamia nyumbani. Juzi mpwa wangu, ambaye ndiye mchungaji wa kanisa leo, aliniamkia kwa adabu zote, akanipa historia ya kanisa waliyoiandika ili nitie sahihi kama mtoto wa mwanzilishi. Humo wamesema kwamba malaika alimshika Baba mkono, akamtoa misheni.

“Malaika huyo simjui,” nilimwambia.

“Mjomba, historia isiyo na muujiza nani ataketi kuisikiliza?”

“Watoto wa wake wa pili.”

Akasema wataichapa bila sahihi yangu. Nikamwambia waichape. Misheni ilitaka Baba awe amefukuzwa. Hawa wanataka awe amebebwa. Mtu yule alikaa, akafikiri, akaandika barua, akaondoka kwa miguu yake.