Ukuta Uliokosekana Darini

Miaka michache kabla Wajerumani hawajaitwaa pwani yetu, nyumba yetu ya Bagamoyo na ya jirani zilikaa chini ya paa moja refu la makuti. Chini zilitengwa na ukuta wa mawe. Juu, baina ya dari na makuti, palikuwa na uwazi wa giza ambao hakuna aliyepata kuuchungulia. Jirani huyo ndiye baba wa mchumba wangu, na ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa.

Pilau ya harusi ingepikwa uani kwetu, masufuria saba. Nikauliza: moto ukishika makuti yetu, nini kitauzuia usivuke? Wote wakanijibu kwamba ukuta umepanda hadi kwenye makuti. Nani ameuona? Mama alisikia kwa fundi. Fundi alisikia kwa marehemu baba yake. Mimi, niliyerudi kutoka Unguja nimesoma elimu ya kupima riwaya na wapokezi wake, sikuweza kuoa juu ya isnadi, mnyororo wa wapokezi, dhaifu kama ile. Jumanne, baada ya adhuhuri, nikapanda ngazi.

Ukuta haukuwapo. Ulikoma usawa wa boriti, kana kwamba mjenzi aliitwa chakulani asirudi tena. Furaha ya kukuta shaka yangu ni ya kweli ikanilevya! Nikatambaa nikipapasa pengo, nikicheka peke yangu gizani, nisitambue kwamba nimekwisha vuka mpaka. Mara fito zilizoliwa na mchwa zikavunjika, na mguu wangu wa kulia ukazama hadi pajani ndani ya chumba cha watu.

Chini yakapigwa mayowe, kisha ikaja sauti ya kungwi, yule mama mtu mzima aliyekuwa akimsinga bibi harusi kwa liwa ya msandali na kumfunza unyumba.

"Nani huyo?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba! Siku hizi watu huamkia kwa kisigino?"

"Nimekuja kutazama ukuta."

"Umeuona?"

"Haupo."

"Na adabu nayo haipo. Mshikeni!"

Wakaushika mguu wangu, wakausinga kwa liwa, wakaupaka hina, wakakataa kuuachia mpaka ikauke. "Magaga haya, mwanangu," alisema mmoja, "yatachana shuka!" Nikasikia kicheko kimoja chembamba kikijaribu kujificha. Sikukiona kinatoka kwa nani, kwa hiyo siandiki.

Nilipoachiliwa, baba mtu alikuwa akinisubiri barazani. Mwali akiwa ndani hatazamwi na mposaji. Anayemtazama ameivunjia nyumba heshima.

"Posa imevunjika," alisema.

"Mzee, kilichoingia ni mguu. Mguu hauna macho. Waulize walioshuhudia."

"Kweli, bwana," kungwi akaitikia nyuma ya pazia. "Tumeukagua wote. Macho hatukuyakuta."

Mzee akazishika ndevu zake, mabega yakamtikisika. Alipojimudu akasema, "Ijumaa, kabla ya sala, ukuta uwe umefika kwenye makuti. Moshi ukipita, huoi."

Siku mbili mimi na fundi tulipandisha mawe na chokaa, tukaupitisha ukuta hata ukatokeza nje ya paa kiasi cha dhiraa. Tundu tulizozipata pembeni mwa boriti tulizikandika kwa udongo. Ijumaa asubuhi nikafukiza makumbi ya nazi ndani ya chungu darini kwetu, ndoo za maji zikiwa tayari kando. Upande wa pili, darini kwake, mzee alilala kifudifudi, kanzu yake nyeupe na yote, akingoja moshi.

"Mzee, unauona?" nikapaza sauti, machozi yakinitiririka.

"Siuoni!"

"Unanusa?"

"Nanusa popo tu! Shuka ukaoge, kadhi amekwisha fika!"

Vigelegele vikapasuka chini. Nikamwomba anuse mara ya pili; akanusa, akanitukana, nami nikashuka kuoa.