Debe Lililooshwa Mtoni

Wiki jana, katika zahanati moja upande wa Mau Narok, mama kijana alimlaza mtoto mezani. Mtoto alikuwa akitapika tangu anywe maji ya mto.

"Kuna mtu aliosha debe la dawa ya josho la ng'ombe wa mzungu mtoni pale juu," alisema mama.

"Dawa gani? Ziko mbili, na tiba zake si moja," akauliza mhudumu. "Nitume mtu wa baiskeli amuulize. Ni nani?"

"Mzee wetu, daktari."

"Wazee wa josho ni watano, mama! Jina?"

Mama akajifunika mdomo kwa shuka. Kwao, mke hatamki kamwe jina la baba mkwe.

"Yule mrefu," akanong'ona. "Anapenda sana wajukuu. Alidhani maji yakitembea hujisafisha."

"Mtoto anaumwa, nawe unanitegea vitendawili!"

Tuliokuwa tukingoja tulicheka kidogo. Hata mimi, na elimu yangu yote, nilidhani mto hupeleka uchafu mahali pasipo na mtu. Kumbe huko chini yupo mama na mtungi wake.

Mtoto akatapika tena. Mama akageukia ukuta, akafumba macho, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje:

"Arap Chumo."