Figa la Kushoto

Nilisikia nyundo kabla sijamwona baba. Asubuhi za Muheto ukungu hulala juu ya mashamba ya maharagwe mpaka jua lipate nguvu, na ndani ya weupe ule mlio ulinijia wazi: ngo, ngo, kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa cha baba kuinamisha sikio. Yeye ni fundi wa mawe. Jiwe zima hulia kama kengele, husema. Lenye ufa hukohoa.

Wiki ile hakuwa akijenga nyumba ya mtu. Alikuwa akichonga mafiga ya dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiolewa Itebero, mbali ndani ya msitu wa Walikale.

Nyumbani kwetu binti anayeolewa hupewa figa moja la jikoni kwa mama yake, na ni mama mwenyewe anayeling'oa. Mama alikataa kuling'oa. Hakumchukia mkwe, alichukia umbali.

"Muntu akienda Itebero, kurudi iko kazi ya magoti," alisema.

Dada naye hakutaka kuondoka bila jiwe lile, kwani kwake lilikuwa ndiyo baraka. Baba akaamua kuwapatanisha kwa nyundo: angechonga mafiga mapya matatu, mazuri kiasi kwamba hakuna atakayeliulizia la zamani.

Ningeweza kumtazama siku nzima. Volkano imetupa mawe ya kila tabia. Kuna jeusi zito, lisilo na tundu, analolilaza kwenye msingi. Kuna la kijivu, lenye vitundu kama mkate, jepesi, la kupandishia ukuta. Na kuna jekundu, analolizungushia madirisha kama mtu anayemvika bibi arusi shanga. Nyumba zake nazitambua kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwa dada alichagua jeusi. Alilisugua kwa mchanga na maji mpaka likang'aa kama mgongo wa ng'ombe aliyenyeshewa. Mama akaja, akayapanga mafiga yote matatu uani, akawasha moto, akateleka maharagwe. Kwetu figa halitoki nyumbani kabla halijabeba sufuria motoni.

Maji hayajachemka, tukasikia: pah! Figa moja limepasuka, sufuria imelala ubavu, maharagwe yako majivuni.

"Papa, unachagulaka mawe sawa vile kijana anachagulaka bibi," mama alimwambia baba. "Sura tu!"

"Si njo vile nilikuchagula weye?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya posa. Kisha akavitazama vile vipande na kicheko kikamwisha. Nadhani aliiona sufuria nyingine ikianguka, huko msituni, mwanawe amesimama mbele ya mama mkwe na majivu miguuni. Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa amekumbatia figa lake la kushoto, lile la kijivu lenye vitundu, ambalo masizi ya utoto wetu wote yalikuwa yameligeuza jeusi.

"Hii ilivumilia moto na hasira yangu," alimwambia dada. "Beba."

Mchana huo baba alichonga matatu ya kijivu, yanayovumilia moto: mawili ya kwenda na dada, moja la kuziba pengo jikoni. Yale meusi mawili yaliyopona aliyaweka pande mbili za mlango, na sijaona pambo zuri kuliko hayo mvua inapoyalowesha.

Siku ya safari, dereva wa pikipiki aliingia ndani, akainua mfuko wa mafiga, akaguna.

"Dada, unahamisha volkano?"

"Nabeba jiko ya mama, kaka. Endesha polepole."

Lakini la kushoto hakulitia mfukoni. Alilibeba mwenyewe kifuani, masizi yakichafua kitenge kipya, na mama, aliyemkemea kwa kila doa tangu tulipokuwa wadogo, mara hii aliliacha doa hilo. Alimgusa shavu, akamgeuza taratibu kuelekea nje. Dada akapita katikati ya yale mawe mawili yanayong'aa, na mama akaufunga mlango nyuma yake, asije akageuka.